Mama Marangi na Kitambaa cha Amepita

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki mliofika kumsindikiza dada yetu, familia imenipa mimi, mdogo wake anayemfuata, kazi ya kuwasomea maisha yake, na kabla sijaanza niwaombe radhi kwa jambo moja, kwamba haya hayatakuwa ya sifa tupu, kwa sababu mwenyewe alikataa, aliniita wodini mwezi uliopita akaniambia kwa sauti iliyokuwa imebaki kidogo sana, "Wewe ndiye utakayesoma, nakujua, utanipamba kama keki, usinipambe, sema ilivyokuwa, watu waache kumnong'ona mwanangu," nami nikamkubalia, na huyo mwanawe, ambaye amekaa pale mbele, nimemwonyesha karatasi hii jana mchana, akaisoma yote na kunirudishia bila kufuta neno.

Marehemu, ambaye nyote mlimjua kwa jina la Mama Marangi, alizaliwa tarehe 3 Agosti 1958 katika nyumba za watumishi wa reli, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto wanne wa mshika bendera wa kituo na mfua mashuka wa hospitali, katika chumba ambacho sahani zake ziligongana kabatini kila treni ilipopita, na mama yetu alipenda kusema kwamba mtoto huyu alikuja duniani behewa la mwisho likimalizikia dirishani, ndiyo maana hakuna kelele iliyowahi kumstua. Utoto wake aliumalizia karibu na mabeseni ya mama, kwa kuwa siku hizo mashuka meupe yalisuuzwa kwa maji yenye buluu ya kufulia ili yang'are, na dada yetu, akiwa bado hajaota meno ya ukubwani, aliiba fundo moja la buluu, akaliloweka kwenye ndoo, akamtumbukiza kuku mweupe wa jirani, na kuku yule akatembea uwanjani akiwa bluu kwa muda mrefu, jirani akaja kumshtaki kwa mama, mama akamchapa, na alipoulizwa kwa nini alifanya vile alijibu kwamba alitaka kuona kama itaingia.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, akafaulu, akaingia sekondari mwaka 1973, na huko alikutana na mwalimu wa sayansi kimu, mama mnene mwenye sauti ya jeshi, aliyewafundisha wasichana kupika, kushona vifungo, na siku moja tu katika muhula, kuchora nta juu ya leso na kuichovya kwenye rangi, na leso ile dada yetu alirudi nayo nyumbani akailaza chini ya mto wake kama mtu aliyeletewa barua ya posa. Mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba, baba yetu alibanwa mguu kati ya mabehewa mawili, mguu ukakatwa, kazi ikaisha, na dada yetu akaacha shule akiwa kidato cha pili, jambo ambalo hakulilalamikia hata mara moja, ila kila alipopita mbele ya shule ile aligeuza uso upande mwingine wa barabara, na sisi wadogo zake tuliofuata nyuma tukageuza nasi, bila kujua tunakwepa nini.

Mwaka 1977, baada ya kujifunza kupiga chapa, aliajiriwa katika ofisi ya chama cha ushirika, akapewa meza, kiti chenye mto na mashine iliyokosa herufi moja, na hapo ndipo alipokutana na mume wake, fundi saa, kijana mpole aliyekaa kwenye kona ya ngazi za duka moja na kioo kidogo jichoni, kwani saa ya ukutani ya ofisi ilikuwa imesimama dada yetu akatumwa kuipeleka kwake, na ilipotengenezwa ikasimama tena, akairudisha, ikasimama tena, mpaka meneja akauliza ni fundi gani huyu asiyeweza kazi yake, dada yetu akainamisha kichwa akicheka, kwa kuwa alishagundua kwamba saa ile haikuwa na tatizo lolote. Walifunga ndoa tarehe 25 Aprili 1981, wakapanga nyumba ile ya vyumba viwili yenye jiko na uwanja mdogo wa nyuma ambayo wengi wenu mnaijua kwa harufu kabla ya kuijua kwa sura, wakajaliwa binti mwaka 1983, ambaye leo ni muuguzi na yuko hapa nasi, na mtoto wa kiume tarehe 11 Machi 1986, ambaye alipozaliwa baba yake alimwita Tinda, kifupi cha kitinda mimba, kwa mzaha tu, na mzaha huo ukageuka ukweli kwa njia nitakayoieleza.

Kazi ya batiki aliianza jioni za baada ya ofisi, kwa nta ya mishumaa na sufuria iliyopasuka sikio, akaharibu vitambaa vingi, akaunguza pazia, akaunguza nyusi zake mwenyewe, na mwezi wa Septemba 1985, akiwa na mimba changa ya Tinda, aliandika barua ya kuacha kazi kwa mashine ileile iliyokosa herufi, akaipeleka kwa meneja, meneja akamtazama kama mtu aliyepagawa, akamwambia, "Mama, una kiti hapa, una pensheni, unakwenda kuinamia beseni?" naye akajibu kwamba kiti hicho amekikalia miaka minane na hajawahi kuona kitu chochote kikitokea juu ya meza ile.

Kwa wale ambao hawakuwahi kuingia kwake akiwa kazini, nta huyeyushwa mpaka itoe moshi, huchorwa ikiwa moto juu ya kitambaa cheupe cha pamba, pale penye nta rangi haipenyi, kisha kitambaa huzamishwa kwenye rangi iliyochanganywa na kostiki soda, ile dawa kali inayoshikisha rangi na kula ngozi ya vidole, huanikwa, huchorwa tena, huzamishwa tena kwenye rangi nyingine, na mwisho huchemshwa kwenye pipa ili nta yote ipande juu, na ni hapo tu kitambaa kinapofunguliwa ndipo fundi anapojua kama amefanya kazi au amepoteza wiki. Ile bluu yake, ambayo ndiyo iliyompa jina mtaani, hutoka kwenye beseni ikiwa kijani kama mboga za majani, ikikutana na hewa hugeuka mbele ya macho yako, taratibu, kuanzia kwenye pindo kwenda katikati, na dada yetu, aliyeiona ikigeuka mara zisizo na idadi, hakuizoea mpaka mwisho, kila mara aliwaita watoto, "Njooni, njooni basi, inageuka!" na watoto, ambao waliiona tangu wakiwa mgongoni, walikuja wakiburuta miguu ili wasimkwaze, wakasema, "Imegeuka, mama," wakarudi kwenye mchezo wao, naye akabaki pale mikono ikichuruzika, akitabasamu peke yake. Nilimwona katika hali ile mara nyingi, na niseme mbele yenu kwamba mimi, niliyefanya kazi ya bima kwa miaka thelathini, sijawahi kutabasamu namna hiyo kazini hata siku moja.

Lakini alisema niseme ilivyokuwa, na ilivyokuwa ni kwamba kazi ile iliila nyumba chumba kwa chumba, kwanza ilichukua jiko, ikawa chakula kinapikwa uwanjani, kisha ikachukua chumba cha kulala, mume na mke wakahamia sebuleni na watoto wao, shemeji yetu akawa anawaambia wateja wake, "Wenzangu mlioa wake, mimi nimeoa kiwanda, na kiwanda chenyewe hakifungi Jumapili," akacheka, wateja wakacheka, lakini wali wa nyumba ile ulinukia nta, chai ilinukia nta, na binti yao alitengwa dawati shuleni kwa sababu wenzake walisema sare yake inanuka taa ya mafuta. Baada ya Tinda mimba mbili ziliharibika, mwaka 1989 na mwaka 1991, na kwa ile ya pili daktari alimtazama mikono iliyokuwa bluu mpaka kwenye viwiko, akamwuliza anafanyia kazi wapi, akasikia kwamba ni ndani ya nyumba anamolala, akamwuliza kama hawezi kutafuta kazi nyingine, na dada yetu alirudi nyumbani, akakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma akilitazama pipa lake, mumewe akaja akakaa kando yake, wala hakumlaumu, na Jumatatu yake pipa likawashwa moto. Binti yao, alipofika umri wa kujibizana, alimwuliza siku moja mbele ya wageni, "Mama, ukiambiwa uchague mimi au pipa, utachagua nini?" naye akajibu kwa utani kwamba pipa haliulizi maswali, wageni wakavunjika mbavu, binti akatoka nje, na marehemu aliniambia wodini kwamba katika maneno yote aliyowahi kuyasema, hayo ndiyo angeyalipia chochote ayarudishe kinywani.

Sasa nifike kwenye kitambaa chenyewe, maana bila hicho maisha haya hayaelezeki. Katikati ya mwaka 1987 alikuwa ametandaza sakafuni kitambaa kirefu alichokipaka nta kote, nta ikipoa, kwa ajili ya oda ya mapazia, na Tinda, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, aliuachia ukuta aliokuwa ameushika mlangoni, akakivuka kitambaa kile mpaka dirishani kwa hatua zake za kilevi, akaanguka, akainuka, akafika, akageuka kumwangalia mama yake akichekelea ushindi, na nta nzima ilikuwa imepasuka. Dada yetu alipiga ukelele ambao jirani wa tatu aliusikia, akamwinua mtoto, akalia, kisha kwa hasira na ukaidi aliokuwa nao tangu enzi za yule kuku, akakizamisha kitambaa hivyohivyo kwenye bluu, na kilipochemshwa na kufunguliwa, kila mahali mguu ulipokanyaga palikuwa na duara jeupe lililozungukwa na nyufa nyembamba za bluu, nyembamba kama mishipa, zikikimbilia duara la pili, na la tatu, zikipinda pale alipoanguka, mpaka dirishani. Mumewe alivua kile kioo chake cha jichoni, akakitazama kitambaa, akauliza, "Hapa kumetokea nini?" naye akasema, "Amepita," na hilo likawa jina lake.

Tangu siku hiyo alijifundisha kukitengeneza bila mtoto, kwa kuikandamiza nta iliyopoa kwa kidole gumba na kisigino cha kiganja, duara moja baada ya jingine, na kwa zaidi ya miaka ishirini aliyatia kwa mkono wake hayo maduara yote, mpaka gumba la kulia likapinda likabaki limepinda, na Amepita ikavaliwa na mabibi harusi, ikavaliwa na kwaya, ikatundikwa madirishani mwa zahanati, ikamsomesha binti uuguzi, na kila mteja alipouliza ni nani aliyepita, dada yetu alimwonyesha Tinda kwa kidevu, na Tinda, ambaye kwanza aliona fahari, kisha akaona haya kama vijana wote, alikimbilia nje. Ninaamini hiyo ndiyo miaka aliyokuwa na furaha, ingawa hata wakati huo alikuwa ameshaanza kukohoa.

Tarehe 17 Novemba 2009 mume wake alipatwa na kiharusi akiwa kwenye meza yake pale ngazini, na aliyekuja kuita alimkuta dada yetu ameshika sufuria ya nta inayochemka, naye akaitua, akazima moto, akafunika, akanawa, ndipo akakimbia, akamkuta mumewe ameshakata roho, na ingawa sote tulimweleza kwamba mtu hawezi kuiacha nta motoni akakimbia, nyumba ingeungua, na kwamba asingemuwahi kwa vyovyote, hakukubali, alisema aliufunga mfuniko vizuri, aliuweka sawasawa, na kwamba alikuwa na muda wa kuuweka sawasawa.

Baada ya hapo alibaki na Tinda nyumbani, binti akiwa ameshaolewa mbali, na Tinda alikuwa karani wa ghala katika duka la jumla la vitambaa, akirudi jioni anamkuta mama yake amejishikilia ukutani akitafuta pumzi, midomo imebadilika rangi, na hata hivyo pipa linachemka, akambembeleza aache, akamficha kostiki, akamletea kitambaa cha kufunika pua ambacho aliishia kukipaka nta, akamfuata mpaka dada yake kwa simu ili amsemeze, na jibu likawa lilelile, "Nikiacha nifanye nini, nikae?" Ndipo mwanzoni mwa mwaka 2012 Tinda alipochukua kipande cha Amepita kabatini, bila kusema, akakipeleka kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akileta mizigo pale ghalani, mtu wa suti na maneno matamu, aliyemwahidi kwamba mchoro ule utachapishwa kiwandani, mama hatahitaji tena kugusa dawa, na kwenye pindo la kila kitambaa litaandikwa jina lake, Mama Marangi, herufi kubwa, dunia nzima imsome. Nisisitize hapa, kwa sababu ndilo lililonong'onwa sana, kwamba Tinda hakukipeleka kwa tamaa, alikipeleka kwa sababu alikuwa anamsikiliza mama yake akipumua kupitia ukutani.

Mwezi wa Agosti mwaka huohuo dada yetu alikuwa kwenye foleni ya kununua mkate, na mwanamke aliyesimama mbele yake alikuwa amevaa Amepita ambayo hakumtengenezea yeye, akaikazia macho, maduara yote yalikuwa sawa, ukubwa mmoja, umbali mmoja, yakirudiarudia, na pale mtoto alipoanguka palikuwepo, palikuwepo begani, kiunoni, gotini, kila baada ya shubiri mtoto anaanguka, na pindoni paliandikwa jina la ua fulani ambalo hakuwahi kulisikia. Alirudi bila mkate. Tinda alipofika jioni alimkuta sebuleni na taa imewashwa, akamwuliza swali moja tu, "Ni wewe?" Tinda akasema ni yeye, akaeleza yote, akaeleza ahadi ya jina, akalia, kisha akasema lile neno ambalo lilimtoka kwa uchungu na ambalo mwenyewe ameruhusu nilisome, "Mama, na mimi nina haki, ile ni miguu yangu," naye marehemu akamjibu, kwa upole kabisa, "Ni kweli. Ichukue."

Hawakugombana, na ingekuwa heri wangegombana. Tinda alihamia chumba cha kupanga, akawa anakuja kila mwisho wa wiki, na kila alipokuja alikaribishwa vizuri, akavutiwa kiti, akaulizwa habari za kazini, akatengewa chakula kwenye sahani zile za maua ambazo nyumbani mwao zilitolewa kabatini kwa ajili ya wageni, na mtoto aliyezaliwa ndani ya nyumba ile alikula kwenye sahani ya wageni miaka kumi na moja.

Kile kitambaa cha kiwandani kilienea kama moto, kilikuwa rahisi, hakichuji, kilifaa sare za vikundi na mashati ya wanaume na mito ya makochi, hata hapa tulipo, nikiinua macho, nawaona wachache wenu mmekivaa, na nawaomba msijifunike wala msiondoke, hamkujua, na marehemu mwenyewe alisema mtu asiaibishwe kwa nguo yake. Alikwenda kwenye ofisi moja akaambiwa mchoro ni wa aliyeuandikisha kwanza, akashukuru, akatoka. Mwaka 2014 alipeleka vitambaa vyake kwenye maonyesho ya kazi za mikono, akavitundika tangu asubuhi kwa uangalifu, na kabla ya saa sita msimamizi, msichana mdogo mwenye kitambulisho shingoni, alimjia kwa heshima, akamwambia, "Mama, samahani, hii itabidi tuishushe, haturuhusu watu kuiga michoro ya viwanda," na mwenzake wa meza ya pili, mfumaji wa vikapu, alisimama akaanza kufoka, akataka kueleza, dada yetu akamshika mkono akamwambia akae, kisha akavishusha mwenyewe, akavikunja, akamwomba msichana yule ashike upande wa pili wa kile kirefu ili kisikunjike vibaya, wakakikunja pamoja, wakikutana katikati kama mama na binti wanaokunja shuka.

Hakutengeneza Amepita tena. Alijaribu michoro mingine, aliijaribu kwa miaka, mistari, majani, ndege, matone ya mvua, nami niliyeiona nitasema kwa mapenzi yote kwamba haikuwa mizuri, alijua hivyo, alikifungua kitambaa kutoka kwenye pipa, akakitazama, akakirudisha kwenye maji, na kitu pekee kilichobaki vilevile kilikuwa ile bluu kugeuka, ila sasa hakumwita mtu, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuita. Wasichana wawili walikuja kujifunza kwake kwa nyakati tofauti, wa kwanza aliondoka kwa harufu, wa pili alivumilia zaidi, kisha akauliza ni kwa nini wachore kwa mkono kitu ambacho mashine inakimaliza mtu akinywa chai, dada yetu akamwambia ukweli kwamba hajui.

Mwaka 2019 alishindwa kuinua sufuria, akaanguka jikoni, akapelekwa hospitali, na picha za kifua zilionyesha mapafu yaliyochoka kuliko umri wake, madaktari wakasema ni moshi na unga wa dawa wa miaka mingi, hakuna cha kurudisha nyuma, kilichobaki ni kumpunguzia shida, na tangu hapo akaishi na mtungi wa hewa kando ya kitanda, akiwa na mikono ambayo haikujua iende wapi, akaikunja leso, akaikunjua, akaikunja, akachomoa nyuzi za blanketi moja moja mpaka binti yake, aliyekuwa amehamia kumuuguza, akawa anazichana khanga kuukuu na kumpa avichambue vipande, kama unavyompa mtoto, na binti huyo, tunayemshukuru kwa yote aliyoyafanya, aliniambia kwamba ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuwa na mama yake asiye na kazi, na kwamba alikuwa ameisubiri sana siku hiyo, na ilipokuja wakakaa wakichambua nyuzi mpaka jioni.

Mwezi wa Mei mwaka huu, wa 2023, alilazwa kwa mara ya mwisho, na Tinda alikuja wodini kila siku, akasimama mwisho wa kitanda, hata mchana mmoja mimi nikiwepo akapiga magoti akamwomba msamaha, akasema alitaka apone, alitaka apumue, hakutaka kingine, na dada yetu akauvuta ule mpira wa hewa kando ili asikike, akasema, "Nilikusamehe siku ileile, mwanangu, kabla hujamaliza kulia," Tinda akaushika mkono wake, akadhani limekwisha, nami nikadhani limekwisha, lakini akapumzika kidogo akamaliza, "Nilidhani nikikusamehe Amepita itarudi. Haikurudi. Wewe huna kosa, na mimi sina kosa, na haikurudi." Kisha akaurudisha mpira puani, akafumba macho, na muuguzi akatuomba tutoke. Hakusema hivyo kumuumiza, Tinda analijua hilo, nami ninalisoma kwa sababu aliagiza, akisema wanaomnong'ona waambiwe kwamba mama yake hakufa akiwa na kinyongo naye, alikufa tu.

Alifariki tarehe 6 Juni 2023 asubuhi, wakati wa kubadilishana zamu, akiwa na umri wa miaka sitini na minne, ameacha watoto wawili, wajukuu watatu na ndugu watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua waliomhudumia kwa uvumilivu, inawashukuru majirani ambao kwa miaka karibu arobaini walivumilia moshi, harufu na maji ya bluu yaliyopita kwenye mtaro mbele ya milango yao, wasimshtaki popote, inawashukuru akina mama wa kikundi cha kazi za mikono, hasa yule mfumaji wa vikapu ambaye amekuja kwa magongo yake, na inawashukuru wote waliotupa usafiri, viti na muda wao. Kwa wateja ambao oda zao hazikukamilika, tunasikitika, na tunapenda mjue mapema, ili asije mtu mlangoni akauliza, kwamba hakuna anayeendelea na kazi yake, binti hakuijua, Tinda hawezi, ile bluu jinsi alivyoichanganya hakuna kati yetu anayeifahamu, tulijaribu juzi uwanjani kwa dawa zilizobaki, mimi na watoto wake wawili, tukakiinua kitambaa kikiwa kijani, tukasubiri, kikakauka kikiwa kijani.

Dada, hukuwahi kupenda kukaa bure, na sisi tuliobaki hatuna kitu kingine cha kukutakia. Pumzika kwa amani.